Ukanda wa Kati wa Nigeria ni wapi, na ni wa nani?

Anayeutafuta Ukanda wa Kati (kwa Kiingereza Middle Belt) katika ramani rasmi ya Nigeria hataupata. Nchi hiyo ina majimbo 36 na Eneo la Mji Mkuu wa Shirikisho, Abuja, na tangu katikati ya miaka ya 1990 wanasiasa wake wamezoea kuyapanga majimbo hayo katika kanda sita, moja ikiitwa Kaskazini ya Kati, yenye Benue, Kogi, Kwara, Nasarawa, Niger na Plateau pamoja na Abuja. Wageni wengi huidhani kanda hiyo kuwa ndiyo Ukanda wa Kati wenyewe. Wenyeji hawakubali. Wanaoutetea Ukanda wa Kati huongeza kusini mwa Kaduna, Taraba, sehemu kubwa ya Adamawa, na maeneo ya kusini ya Bauchi, Gombe, Borno na Kebbi. Lakini ndani ya majimbo yaleyale sita wako watu wengi, hasa wa miji ya Ilorin na Bida, ambao ukiwaita watu wa Ukanda wa Kati watakuuliza ni nani aliyekuambia hivyo.

Utata huo una sababu zake, na hautokani na uzembe wa wachora ramani. Makabila haya mengi hayakukutanishwa na damu, lugha wala dini. Yalikutanishwa na nafasi yaliyojikuta nayo mbele ya mamlaka ya kaskazini kwa takriban karne mbili. Na kwa kuwa nafasi hiyo haikuwa sawa kwa kila kabila, mipaka ya Ukanda wa Kati husogea kila linapobadilika jambo linalobishaniwa.

Jiografia inasaidia mwanzoni tu. Mto Niger unateremka kutoka kaskazini-magharibi, mto Benue unakuja kutoka mashariki, upande wa Kamerun, na mito hiyo miwili inakutana Lokoja kabla ya kushuka pamoja hadi baharini. Kandokando yake ipo nchi ya nyasi na miti ya hapa na pale, ambako viazi vikuu vya kusini na mtama wa kaskazini hustawi katika shamba moja. Benue, jimbo linalojulikana pia kwa ufuta wake, linajiita Kapu la Chakula la Taifa, na maneno hayo huandikwa hadi kwenye vibao vya namba za magari. Kaskazini zaidi inainuka nyanda ya juu ya Jos, yenye urefu wa zaidi ya mita elfu moja kutoka usawa wa bahari, ambako baridi huruhusu viazi mviringo na mboga za Ulaya, na ambako wenyeji hulima nafaka ndogo sana iitwayo acha. Miamba ya nyanda hiyo ilikuwa na kazi nyingine pia: farasi wa vita hakuweza kuipanda kwa urahisi. Kwa hiyo watu wachache wachache, kila kundi na kilima chake, waliweza kuishi humo vizazi kwa vizazi bila kumezwa na dola kubwa za tambarare.

Hali hiyo inaonekana wazi katika lugha. Nigeria ina zaidi ya lugha 500, na sehemu kubwa yake imesongamana katika eneo hili la katikati. Wapo Wativ, Waidoma, Waigala, Waebira, Wanupe na Wagbagyi, ambao ni wengi na wanajulikana. Wapo Wajukun, Waberom, Wangas, Watarok, Wamwaghavul, Waeggon, Waalago, Waatyap, Wabajju, Waham, Wabachama, Wamumuye, Wachamba, na makumi ya wengine ambao lugha zao husikika katika vijiji vichache tu. Lugha hizo si za ukoo mmoja. Kiberom na Kiatyap ni za jamii ya Niger-Kongo, ilhali Kingas na Kimwaghavul, zinazosemwa na majirani wa karibu kabisa katika jimbo hilohilo la Plateau, ni za jamii ya Kichadi na kwa hiyo ni ndugu wa mbali wa Kihausa, lugha ya kabila kubwa la kaskazini. Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kulitazama eneo hili kwa makini, kwa kuwa wanaisimu wengi huamini kwamba lugha za Kibantu zilianza kusambaa kutoka mpakani mwa Nigeria na Kamerun, na Kitiv, ingawa hakihesabiwi kuwa Kibantu kamili, kimo miongoni mwa jamaa zake wa karibu kabisa, chenye ngeli za nomino ambazo mzungumzaji wa Kiswahili hatazishangaa.

Lugha inayowaunganisha wengi wao, hasa Plateau, Nasarawa, Taraba na kusini mwa Kaduna, ni Kihausa. Watu ambao siasa yao yote imejengwa juu ya kukataa kuhesabiwa Wahausa hukutana sokoni na kuzungumza Kihausa. Wengi husali kanisani kwa Kihausa. Na mikutano ya kulaani utawala wa Wahausa imewahi kuendeshwa kwa Kihausa. Kusini, katika nchi ya Wativ na Waidoma, mambo ni tofauti, na Kiingereza cha mitaani ndicho kinachotangulia. Kwa hiyo hata lugha ya mawasiliano si moja.

Zamani pia hazikuwa moja. Wajukun walikuwa kiini cha dola la Kwararafa, ambalo katika karne ya 17 lilishambulia miji ya Wahausa, Kano ikiwamo, na kuitia hofu. Mfalme wao, Aku Uka, bado anakaa Wukari. Waigala walikuwa na ufalme wao Idah chini ya Attah. Wanupe walikuwa na dola lenye mafundi mashuhuri wa shaba na vioo chini ya Etsu. Wativ, kwa upande wao, hawakuwa na mfalme hata mmoja: mamlaka yalifuata ukoo, na mgogoro ulimalizwa na wazee wa pande zilizohusika. Waberom na wengi wa watu wa milimani waliishi vilevile, chini ya wazee na wakuu wa mambo ya ibada. Kuwaweka watu hawa wote katika fungu moja la makabila madogo yasiyo na dola, kama vitabu vya zamani vilivyopenda kufanya, ni kufuta nusu ya historia yao.

Jambo lililoanza kuwapa hatima inayofanana ni jihadi iliyoanzishwa na Usman dan Fodio, mwanachuoni wa Kifulani, mwaka 1804. Jihadi hiyo iliziangusha falme za Wahausa na kuunda Ukhalifa wa Sokoto, na katika miongo iliyofuata maemiri wake, yaani watawala wa Kiislamu wa mikoa yake, walisukuma mipaka kuelekea kusini: Zaria, Bauchi, Adamawa, Muri, Nupe, Ilorin, kisha Kontagora. Uchumi wa dola hilo ulitegemea sana kazi ya watumwa mashambani, na kwa kuwa sheria haikuruhusu kumfanya mtumwa Mwislamu aliye huru, watu wa kukamatwa walitafutwa ng'ambo ya mpaka wa Uislamu, yaani katika nchi ambayo leo tunaiita Ukanda wa Kati. Kwa Wagbagyi na jirani zao wa magharibi, jina la Kontagora lilikuwa na maana ya vikosi vya farasi vinavyokuja msimu wa kiangazi kuchoma vijiji na kuondoka na watu. Kumbukumbu hiyo bado ni hai katika hotuba za kisiasa za leo, na asiyeijua hawezi kuelewa kwa nini ugomvi wa shamba moja huzungumzwa kana kwamba ni sura nyingine ya vita vya miaka 200 iliyopita.

Hata hivyo kumbukumbu huchagua. Waberom na wenzao wengi wa nyanda za juu hawakutekwa. Wativ nao, kwa wingi wao na kwa mishale yao yenye sumu, waliisimamisha jihadi ukingoni mwa nchi yao. Wengine walilipa kodi ya kila mwaka ili waachwe, au walijiunga na emiri mmoja dhidi ya jirani. Miji ya Waislamu kama Keffi, Lafia, Wase na Nasarawa ilisimama katikati ya watu wasio Waislamu, ikifanya nao biashara hata pale ilipowavamia. Wanupe na Wayoruba wa Ilorin wakawa upande wa dola lenyewe: Bida na Ilorin zilikuwa makao ya maemiri. Hapo ndipo ulipoanzia mgawanyiko ambao haujazibwa, kwamba katika eneo moja la jiografia wapo ambao mababu zao walivamiwa na wapo ambao mababu zao walivamia.

Waingereza walipotangaza himaya yao ya Kaskazini mwa Nigeria tarehe 1 Januari 1900, na Frederick Lugard akawa mtawala wake, mgawanyiko huo ungeweza kufifia. Ulipewa ofisi. Lugard aliwashinda maemiri vitani kisha akawaacha madarakani, kwa kuwa utawala wa kupitia watawala wa jadi ulikuwa wa gharama ndogo. Utaratibu huo uliwafaa Kano na Sokoto, ambako maemiri, makadhi na watoza kodi walikuwapo tayari. Palipokosekana mfalme, Waingereza walimtafuta wa kumweka, na mara nyingi waliona ni rahisi kuwaweka watu wa milimani chini ya emiri aliye karibu au kuwaletea wakuu na makarani kutoka miongoni mwa Wahausa na Wafulani. Hivyo watu wa kusini mwa Zaria, ambao emiri alikuwa amewavamia bila kuwatawala kikamilifu, sasa walitawaliwa naye kwa nguvu ya bunduki za Mwingereza. Wativ, baada ya majaribio mengi ya kiutawala kushindikana, walipewa mfalme wa kwanza katika historia yao, Tor Tiv, katika miaka ya 1940. Cheo hicho kilichobuniwa leo kinaheshimiwa kana kwamba kimekuwapo tangu enzi, na sidhani kuna ubaya wowote katika hilo. Mila zote zilianza siku fulani.

Ukoloni huohuo ulileta vitu viwili vilivyowapa watu hawa sauti yao wenyewe. Kwanza ni misheni. Serikali iliwazuia wamisionari kuhubiri kwa uhuru katika nchi za maemiri, kwa hiyo wengi walielekea kwa wasio Waislamu: Sudan United Mission ilianza Wase mwaka 1904, na Kanisa la Dutch Reformed la Afrika Kusini likaingia kwa Wativ mwaka 1911. Shule za misheni zikazaa walimu, wauguzi na makarani wa makabila madogo, ambao walifahamiana kupitia makanisa na wakaanza kujiona kuwa na shida moja. Pili ni mshahara. Jeshi la kikoloni liliandikisha askari wengi kutoka eneo hili, na migodi ya bati ya Jos, iliyomeza ardhi ya Waberom, iliwaleta Wahausa, Waigbo na Wayoruba kwa maelfu katika mji ambao ulikua kwa ajili ya bati tu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, baada ya Wajapani kuiteka Malaya mwaka 1942 na kuwakatia Waingereza bati ya huko, wanaume wa kaskazini walilazimishwa kwenda kufanya kazi migodini Jos, jambo ambalo wengi hawalijui wanapousifu mji huo kwa hali yake ya hewa.

Siasa ya Ukanda wa Kati kwa jina hilo ilizaliwa karibu mwaka 1950, Nigeria ilipokuwa ikijiandaa kujitawala ikiwa na kanda tatu kubwa. Kanda ya Kaskazini ilitawaliwa na chama cha NPC (Northern People's Congress) chini ya Sardauna wa Sokoto, Ahmadu Bello, aliyehubiri Kaskazini moja isiyogawanyika. Vyama vidogo vya watu wa kati viliungana mwaka 1955 na kuwa United Middle Belt Congress, ambayo kiongozi wake aliyejulikana zaidi alikuwa Joseph Tarka, Mtiv. Walidai kanda yao wenyewe. Tume ya Willink, iliyoteuliwa na Uingereza kusikiliza hofu za makabila madogo, ilitoa ripoti yake mwaka 1958. Ilikiri kwamba hofu hizo zipo, lakini haikupendekeza kanda mpya. Wativ waliinuka mwaka 1960, kisha tena mwaka 1964, na jeshi likapelekwa.

Wale wanaosimulia kipindi hiki kama pambano la makabila madogo yote dhidi ya Kaskazini husahau kuwa NPC ilikuwa na wafuasi wengi katika eneo lenyewe. Aliyu Makama, Mnupe wa Bida, alikuwa mmoja wa vigogo wa chama hicho na waziri wa elimu wa Kanda ya Kaskazini. Waziri mkuu wa kwanza wa Nigeria, Abubakar Tafawa Balewa, alizaliwa katika mji wa Tafawa Balewa kusini mwa Bauchi, ambao watetezi wa Ukanda wa Kati huuhesabu kuwa wao. Kaskazini moja ya Sardauna haikuwa ndoto ya Sokoto peke yake; iliwapa watu wa kati wenye elimu vyeo halisi, na kuna wazee ambao hadi leo huizungumzia kwa mapenzi.

Mapinduzi ya kijeshi ya mwaka 1966 yalimwua Sardauna na kumwua Balewa, na kabla ya mwaka huo kwisha nchi ilikuwa mikononi mwa Yakubu Gowon, Mngas Mkristo aliyelelewa Wusasa, karibu na Zaria. Tarehe 27 Mei 1967, siku tatu kabla ya eneo la mashariki kujitangaza kuwa nchi huru ya Biafra, Gowon alizivunja kanda kubwa na kuunda majimbo 12, yakiwamo Benue-Plateau na Kwara. Kilichodaiwa kwa miaka 17 kilipatikana kwa amri ya siku moja. Mnamo 1976 Benue na Plateau zikatenganishwa, 1991 zikaundwa Kogi, Taraba na Adamawa, na 1996 Nasarawa ikakatwa kutoka Plateau. Mji mkuu wa nchi nao ukahamishiwa katikati, Abuja, mwaka 1991, katika ardhi ambayo sehemu kubwa yake ilikuwa ya Wagbagyi, waliohamishwa ili kupisha barabara pana na wizara. Mfinyanzi mashuhuri wa Kigbagyi, Ladi Kwali, yumo katika noti ya naira 20. Jamaa zake wengi bado wanadai fidia ya mashamba.

Kwa maoni yangu, ushindi wa 1967 ndio uliouvunja Ukanda wa Kati kama nguvu moja. Kila jimbo jipya lilimpata mkubwa wake. Katika Benue, magavana wote waliochaguliwa na wananchi, tangu Aper Aku mwaka 1979, wamekuwa Wativ, na Waidoma wanalalamika kwa maneno yaleyale ambayo Wativ waliwalalamikia Wahausa. Katika Kogi, Waigala walishika ugavana hadi mwaka 2016 ulipokwenda kwa Waebira, nao sasa ndio wanaolaumiwa. Wativ na Wajukun, ambao katika hotuba za Abuja ni ndugu wa Ukanda wa Kati, wamepigana mara kadhaa kuhusu ardhi katika jimbo la Taraba. Mara ya mwisho jina la eneo zima kutikisa taifa ilikuwa tarehe 22 Aprili 1990, pale Meja Gideon Orkar, Mtiv, alipojaribu kuipindua serikali na kutangaza redioni kwamba Sokoto, Borno, Katsina, Kano na Bauchi zimetengwa na shirikisho. Jaribio lilishindwa na Orkar aliuawa.

Kinachochochea zaidi migogoro ya leo ni suala la uenyeji. Katiba ya mwaka 1999 inamtaka rais ateue waziri kutoka kila jimbo aliye mwenyeji wa jimbo hilo, na inamhesabu mtu kuwa wa jimbo fulani ikiwa mzazi au babu au bibi yake alitoka katika jamii ya asili ya hapo. Kwa hiyo serikali za mitaa hutoa vyeti vya uenyeji, na bila cheti hicho mtu hukosa nafasi ya chuo, ajira ya serikali na ufadhili wa masomo, hata kama familia yake imeishi hapo kwa karne nzima. Jos ndiko ubaya wa utaratibu huu ulikoonekana waziwazi. Wahausa wa Jos, wajiitao Jasawa, wanasema mji ulijengwa na wazee wao. Waberom, Waanaguta na Waafizere wanasema ardhi ni yao na wengine ni wageni wa mgodini. Serikali ya kijeshi ilipoanzisha wilaya ya Jos Kaskazini mwaka 1991, wenyeji waliiona kuwa zawadi kwa Wahausa. Mwaka 2001 mji ulilipuka, ukalipuka tena 2008 na 2010.

Habari za machafuko hayo hutufikia kama vita vya Wakristo na Waislamu. Maelezo hayo yana ukweli, kwa sababu wanaodai uenyeji Plateau wengi ni Wakristo na wanaonyimwa wengi ni Waislamu, na watu wameuawa kwa dini yao tu. Lakini hayawaelezi Waigala, ambao katika nyumba moja huwa na watoto wa Kiislamu na wa Kikristo, wala Waalago na Wajukun Waislamu, wala ugomvi wa Wativ na Wajukun. Takwimu pia hazisaidii: sensa za 1991 na 2006 hazikuuliza dini wala kabila, kwa hiyo anayetaja asilimia za Wakristo wa eneo hili anakisia.

Ugomvi wa wafugaji wa Kifulani na wakulima una mkanganyiko uleule. Wativ na Wafulani ni watani kwa jadi, utani wa aina ambayo Mtanzania anaujua kati ya Wanyamwezi na Wazaramo, wa kutukanana msibani na kuchukuliana vitu bila kukasirika. Mfugaji alishuka na ng'ombe kiangazi, akapewa mabua ya mavuno, akaacha samadi. Mapatano hayo yalivunjika kadiri mashamba yalivyopanuka hadi kingo za mito, njia za mifugo zikalimwa, malisho ya kaskazini yakapungua na bunduki zikawa rahisi kupatikana. Benue ilipiga marufuku ufugaji wa kuhamahama kwa sheria ya mwaka 2017, na tangu hapo pande zote mbili zimezika watu wengi. Mkulima wa Benue anapomwona mfugaji huyo kama mrithi wa wapanda farasi wa Kontagora, anaunganisha mambo mawili yenye asili tofauti, ila anayaunganisha kwa uchungu ambao hauwezi kupuuzwa.

Basi nani ni wa Ukanda wa Kati? Likizungumzwa jambo la kilimo au barabara, Mnupe na Mtiv wako pamoja. Likizungumzwa suala la emiri na ukumbusho wa jihadi, Mnupe huenda upande wa pili, na Mbachama wa Adamawa, aliye mbali sana kijiografia, husogea karibu na Mberom. Wayoruba wa Ilorin hugawanyika wenyewe kati ya kaskazini wanakotawaliwa na emiri na kusini-magharibi waliko ndugu zao wa lugha. Mfano mgumu kuliko yote ni kusini mwa Kaduna. Humo ndimo kilimo kijiji cha Nok, ambako wachimbaji wa bati walifukua mwaka 1928 sanamu ya udongo wa kuchoma ya utamaduni wa zaidi ya miaka 2000 uliojua kuyeyusha chuma, na ambao watetezi wa Ukanda wa Kati huutaja kuwa ushahidi wa ukongwe wao. Waatyap, Wabajju na Waham wa huko wamedai kwa miaka mingi jimbo lao liitwalo Gurara na hawajalipata. Kaduna imewekwa katika kanda ya Kaskazini-Magharibi, na vyeo vya kitaifa vinapogawanywa kwa kanda, wao huhesabiwa pamoja na Kano na Sokoto.